Siku Kesi ya Mzinga Ilipoanza Vizuri

Lori la mahakama lilikuwa limeshaondoka mjini, limeshapita kizuizi cha pili na linateremka bonde la Mtorondo, ndipo ilipogundulika kwamba mpita njia wa kesi amesahauliwa.

Koplo Nzowa, ambaye kwa upungufu wa watumishi alikuwa askari mkamataji na pia mwendesha mashtaka, akapiga kofi paa la dereva. Lori likafunga breki hatua chache mbele yangu. Mimi nilikuwa naelekea mpakani kwa miguu. Nilikuwa nimeshaichoka nchi ile, ingawa haikuwa imenikosea kitu.

"Wewe mzee! Unapita njia?"

"Napita, afande."

"Unapita tu, au una shughuli?"

"Napita tu."

"Mheshimiwa, tumempata!" akapaza sauti nyuma yake, kisha akanipa mkono. "Panda, babu. Serikali inakuhitaji."

Nimetembea nchi nyingi, na katika hizo zote sijawahi kuhitajiwa na serikali ila kwa kufukuzwa. Nikapanda upesi kabla hawajabadili mawazo.

Huko juu mahakama ilikuwa imekamilika. Mheshimiwa Hakimu Mwakatika alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mahakamani, kimefungwa kamba kwenye bodi ya lori kisije kikatoka nje ya mamlaka yake. Karani wake, Bi Agripina, alikuwa na mashine ya kupigia chapa mapajani na majalada kumi na moja, mawili kati yake ameyakalia. Pembeni alikaa bwana mwembamba mwenye pingu, na kila alipokohoa pingu zililia. Huyo ndiye Ndimbwa, mshtakiwa. Mkewe Tumsifu alikuwa amemshikia kitambaa mdomoni. Na katikati yetu, umezibwa kwa matambara na kufungwa lebo ya Kidhibiti A, ulikuwepo mzinga wa nyuki. Nyuki walikuwemo, wanalalamika. Karani alinieleza kwamba malalamiko yao hayajasajiliwa.

"Tunakwenda wapi, Mheshimiwa?" niliuliza.

"Mwanzo wa kesi," alijibu Hakimu, akatazama mbele kama nahodha.

*

Kisa chenyewe nilisimuliwa na Tumsifu, tukiwa tumeshikilia bodi kwa ajili ya mashimo. Miaka tisa iliyopita upepo uliuangusha mzinga wa Bwana Tarafa, mkubwa wa serikali wa sehemu ile, ukabingirika hadi njiani. Ndimbwa, ambaye kazi yake ilikuwa kurina asali, akaukuta. Akauokota, akaupeleka kwake ng'ombe wasije wakaukanyaga, kisha akatembea mwenyewe hadi kwa Bwana Tarafa kumwambia mzinga wako uko salama. Alipomaliza kumwambia alikuwa ameshakamatwa.

"Angeuacha njiani," alisema Tumsifu. "Kila nikimpelekea chakula namwambia, ungeuacha njiani."

"Nyuki wangekufa, Mama Sikitu," alisema Ndimbwa. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema.

Nikamuuliza karani inakuwaje kesi ya mzinga mmoja imalize miaka tisa. Bi Agripina ni mama mpole, alinielekeza kama mtoto.

"Haki kwetu ina ngazi, babu. Chini kabisa ni Mahakama ya Mwanzo. Huko ndiko kesi inakokosewa mara ya kwanza. Juu yake ni Mahakama ya Wilaya, inatafuta kosa la Mwanzo. Juu ya hiyo ni Mahakama Kuu, inatafuta kosa la Wilaya. Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani, majaji watatu kwa pamoja. Hao wanatafuta kosa la Mahakama Kuu."

"Na Rufani wakikosea?"

"Hawakosei."

"Wamewezaje?"

"Hakuna aliye juu yao wa kuwatafutia."

Nikaona ni mpango mzuri sana. Nikauliza tena, "Na nani anayetafuta kama huyu bwana aliiba au hakuiba?"

Lori zima likanyamaza, isipokuwa nyuki.

"Babu," alisema karani kwa kunihurumia, "hilo ni swali la ukweli. Rufani hawashughuliki na ukweli, wanasema ni mambo ya chini. Na sisi wa chini tuna kazi moja tu, jalada lipande juu likiwa safi."

Jalada la Ndimbwa halikupata kuwa safi hata siku moja. Mara ya kwanza hakimu alisikiliza mashahidi wote, akahamishwa asubuhi ya hukumu. Aliyekuja akasema hawezi kupakua chungu asichokipika yeye, kesi ikaanza upya. Mara ya pili mmoja wa wazee wa baraza alisinzia, na Bi Agripina, mwaminifu kupita kiasi, akaandika: mzee namba mbili anakoroma. Mahakama Kuu ikataka kujua kukoroma huko kulikuwa kwa kukubali au kwa kukataa. Haikuelezwa popote. Ikaanza upya. Mara ya tatu Ndimbwa aliachiwa huru kabisa, akafika mlangoni, kanzu yake mpya aliyoletewa na mkewe iko mwilini, akaitwa arudi. Serikali imekata rufaa: hukumu imeandikwa kwa wino wa kijani, na wino wa kijani ni wa wakaguzi.

"Wino ulikuwa umeniishia," alisema Hakimu Mwakatika bila kugeuka. Alikuwa anatusikia.

Ikawa aibu ya taifa. Waziri akasimama bungeni akalia machozi. "Waheshimiwa wabunge," alisema, "mpaka lini tutawalisha majaji wetu ushahidi uliochacha? Kesi inaanza upya, lakini kosa ni lile lile kuukuu! Shahidi anaulizwa mambo ya miaka tisa, hata rangi ya shati hakumbuki! Taifa linataka haki mbichi!" Wabunge wakapiga meza. Ikapitishwa Kanuni ya Upya, mstari mmoja tu: kesi inayoanza upya ianze na kosa lake.

"Yaani?" nikauliza.

"Yaani leo," alisema Koplo Nzowa, "mzinga unarudi kwa mwenyewe. Huyu bwana anafunguliwa. Anauiba. Wewe unapita, unamwona. Mimi namkamata. Kesi inaanza safi, na ikianza safi itakwisha safi."

Tumsifu alikwisha kuyasikia yote hayo. Bado aliuliza, nadhani kwa mara ya mia. "Mheshimiwa, kwa nini usimwachie tu? Kesi ya zamani si imefutwa?"

"Nimwachie kutoka wapi, mama?" Hakimu alisema kwa upole. "Ya zamani imefutwa, mpya haijaanza. Mtu asiye na kesi haachiwi. Hana anachoachiwa. Ikianza leo, na akiwa hana hatia, nitamwachia kwa mkono wangu, kwa wino mweusi."

"Na isipoanza leo?"

"Kibali changu cha safari ni cha siku moja. Baada ya hapo anakuwa mahabusu asiye na shauri. Hao fomu zao hazijachapishwa."

Tumsifu akaniinamia sikioni. Mganga wa gereza amemwambia pafu moja halifanyi kazi tena, na kwenye chumba chao, watu sitini, maji huingia wakati wa masika mpaka kwenye vifundo vya miguu. "Masika haya yakimkuta mle ndani, babu, sina mume," alisema. "Ianze tu. Ianze vyovyote itakavyoanza."

*

Bwana Tarafa Chambulilo alikwisha kustaafu, lakini kwa ajili ya siku hiyo alikuwa ametoa magwanda yake sandukuni. Vifungo vilikuwa havifiki tena kwenye matundu yake. Alitupokea kwa hotuba.

"Mheshimiwa Hakimu! Mara ya kwanza niliibiwa kwa matakwa ya mtu mmoja. Leo naibiwa kwa matakwa ya Bunge. Ni heshima ambayo baba yangu hakuipata!"

Mzinga ukatundikwa mahali pake mtini, kiasi cha shubiri mbili juu ya kichwa cha mtu. Bwana Tarafa akauliza afanye nini. Koplo akamwambia alale, kama siku ile. Akajilaza kwenye mkeka barazani, jua la saa sita, akafumba macho, akafumbua moja.

Koplo akazifungua pingu. Bi Agripina akapiga chapa: saa sita na dakika tano, mshtakiwa amekuwa mwananchi.

Ndimbwa alisugua vifundo vya mikono yake. "Sasa naweza kwenda wapi?"

"Popote!" alisema Koplo. "Nchi ni yako. Ila usivuke ule mgomba."

Nyumba yake ilikuwa upande wetu wa mgomba, hatua kama mia mbili. Akaenda polepole. Mlangoni akatoka msichana mrefu na bakuli la uji, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe binti wa nani?"

Msichana akageuka. Alitazama mama yake, naye Tumsifu akasema, "Ni Sikitu, Baba Sikitu." Alipochukuliwa, Sikitu alikuwa na miaka sita. Ndimbwa akalipokea bakuli, akanywa lote kwa pumzi tatu, akikohoa kati ya pumzi na pumzi. Kisha akatazama juu, akaona pembe moja ya paa nyasi zimeoza. Akavuta kinu, akapanda juu yake, akaanza kuzipanga upya. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Sikitu akawa anampa nyasi, yeye anachomeka, na kwa muda kidogo ikaonekana kama hakuna serikali.

"Mwananchi Ndimbwa!" aliita Koplo kutoka kule mtini. "Muda wa kuiba umefika!"

Ndimbwa akachomeka nyasi za mwisho. Akashuka, akaja, akasimama chini ya mzinga.

"Siibi," alisema.

"Unasemaje?"

"Sikuiba siku ile, afande. Kwa nini niibe leo?"

Hakimu, kwenye kiti chake kilichoshushwa na kuwekwa kivulini, akakohoa kikohozi cha sheria. "Mshtakiwa, yaani, mwananchi. Mahakama haisemi uliiba. Mahakama haijui. Ndiyo maana tunakuomba uibe, tuchunguze."

"Mkichunguza mtakuta nimeiba."

"Usiihukumie mahakama. Huko ni kuingilia uhuru wake."

"Ndimbwa, ndugu yangu," alisema Koplo, "mzinga wenyewe mwepesi. Juzi tu nimekamata mtu amebeba kabati la vyombo, peke yake, kilima kile!"

"Jamani," Bwana Tarafa aliita kutoka mkekani, "anaiba au haibi? Mbavu zinaniuma!"

Hakimu akatazama saa yake. Alisema kibali chake cha safari kinaisha saa kumi na mbili, na barabara ni mbaya. Ndipo Tumsifu alipomshika mumewe mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo wanawake wa kule hawalifanyi.

"Baba Sikitu. Iba."

"Mama Sikitu…"

"Hatua mia mbili tu. Iba, mume wangu. Nakuomba kwa hiki kifua chako. Iba, twende."

"Nikiiba nitakuwa mwizi. Miaka tisa wameshindwa kunifanya mwizi. Nijifanye mwenyewe?"

"Na usipoiba utakuwa maiti. Nitamzika mtu mwema, si ndiyo? Nitajisifia nini?"

Ndimbwa alikaa chini, mgongo kwenye mti, kama aliyefika. 

Basi Tumsifu akaenda nyumbani kwake. Alirudi na kinyesi kikavu cha ng'ombe kinafuka moshi kwenye kigae, na ngata ya khanga ya kujitwikia. Mke wa mrina asali anajua kazi. Akawafukizia nyuki mpaka wakapungua kelele, akaushusha mzinga mwenyewe, akajitwika. Akauondoa.

Ulikuwa mchana wa jua kali, si wakati wa kuhamisha nyuki hata kidogo. Kufika nusu ya njia matambara yalilegea. Walimuuma shingoni, walimuuma kope, naye mikono yote miwili iko juu, hana wa kumfutia. Hakukimbia. Mtu mwenye mzinga kichwani akikimbia atauangusha. Akafika, akautua uani kwake, akageuka akatutazama kwa jicho moja, la pili limeshavimba likafunga.

"Haya!" alisema. "Umeshaibwa. Andikeni."

*

Bwana Tarafa alikaa kitako. Nikamgeukia Hakimu, maana ndiye mkubwa, nikakuta kiti amekigeuza, anatazama mlima.

"Mahakama hairuhusiwi kuona kosa," alisema akiwa huko huko. "Inaruhusiwa kuambiwa. Karani, mpita njia apewe fomu."

Fomu ilikuwa imepigwa chapa tangu mjini, nakala saba: Mimi mpita njia, nikiwa napita, nilimwona kwa macho yangu NDIMBWA akiuchukua mzinga bila ridhaa ya mwenyewe.

"Lakini dada," nikamnong'oneza Bi Agripina, "si yeye."

"Najua, babu." Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani kwa moshi. "Kubadili jina lazima kibali cha Msajili. Kibali ni miezi minane."

Tumsifu akanijia karibu. Alinuka moshi na nta. "Sema ni yeye, babu yangu. Ianze tu. Hakimu ameahidi. Mimi nikiingia ndani, nani atampelekea dawa?"

Na Ndimbwa, pale chini ya mti, akasema bila kunyanyua sauti, "Babu, sema ulichokiona."

Watu wawili waliniomba, na wote wawili walikuwa wanaomba kitu kimoja, uhai wa mtu mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Mimi shule yangu ni ya vipande vipande, sikufika darasa wanalofundisha mambo hayo. Nilichojifunza njiani ni kwamba anayeshika fomu ndiye mwenye chakula. Nikachovya dole gumba kwenye wino, nikalitia mara saba.

Ndimbwa akanyoosha mikono kabla Koplo hajatoa pingu. Alinitazama kidogo tu, kama mtu yeyote anavyomtazama mpita njia.

*

Kesi ile, nasema kweli, ilikwenda vizuri. Hakimu hakuhamishwa. Wazee wa baraza walipewa tangawizi wakakesha macho mchana kutwa. Kila shahidi aliapishwa kwa mkono unaotakiwa. Wino ulikuwa mweusi tii.

Nami nilipanda kizimbani. Mshtakiwa akapewa nafasi ya kuniuliza maswali, akauliza moja.

"Babu, huo mzinga niliubeba begani au kichwani?"

Hilo sikuwa nimefundishwa na Koplo. Ulimi ukaniteleza. "Kichwani," nikasema, "juu ya ngata ya khanga."

Ukumbi ukacheka. Mwanaume na ngata! Ndimbwa akamtazama Hakimu, akangoja. Hakimu aliacha kuandika, kalamu hewani, na nikadhani sasa hivi ataitupa. Kisha akainama akaandika, na Bi Agripina akapiga chapa baada yake: mshtakiwa alijifananisha na mwanamke ili asitambulike, jambo linaloongeza uzito wa kosa.

Tumsifu akasimama akapiga kelele, "Ni mimi! Nimeiba mimi!" Koplo akamtoa nje kwa adabu. Ushahidi wa upande wa mashtaka ulikuwa umeshafungwa, na yeye hakuwa kwenye orodha ya upande wowote.

Hukumu ilikuwa na kurasa arobaini. Hakimu alisema moyo wake unaelekea kumwachia mshtakiwa, lakini moyo hauna nafasi kwenye jalada, na jalada lina mpita njia, lina mzinga, na lina ngata. Kifungo, miaka saba. Ndimbwa akauliza ile tisa aliyokwisha kukaa itahesabiwa vipi. Akajibiwa kwamba miaka ile ilifutwa pamoja na kesi zake.

Wakakata rufaa. Mahakama ya Wilaya ilitafuta kosa, haikuliona. Mahakama Kuu ilitafuta kwa darubini. Rufani wakakaa majaji watatu, wakalipitisha jalada mkono kwa mkono, wakasema hawajapata kuona shauri lililoendeshwa kwa usafi namna hii, na kwa kuwa hakuna dosari, hakuna cha kurekebisha. Ngazi zote zilipandwa kwa wiki kumi na moja, kazi ambayo kwa wengine huchukua umri. Tumsifu alisimama kwenye lango la Rufani siku nne na maelezo yake aliyoandikiwa na Sikitu. Siku ya tano alitoka karani mmoja kijana, amevaa tai, akamweleza kwamba hilo ni swali la ukweli.

*

Hakimu Mwakatika alipandishwa, sasa ni jaji. Bi Agripina alistaafu kwa sababu ya macho. Jalada aliloliandaa limewekwa kwenye chuo cha sheria, wanafunzi wanalisoma mwaka wa kwanza. Koplo Nzowa ni sajenti, na upungufu wa watumishi unaendelea. Bwana Tarafa alirudishiwa mzinga wake. Nyuki walikuwa wameshahama, kuku wake wanatagia humo. Sikitu ameolewa wilaya nyingine.

Ndimbwa alikufa mwezi wa sita wa kifungo chake, kwa kifua. Magereza waliandika kuuliza miaka sita na nusu iliyobaki ifutwe au ihifadhiwe. Barua iko masjala.

Mimi nilivuka mpaka, nikarudi mara moja mwaka juzi, nikapita kwa Tumsifu. Anaishi kwa dada yake, analima vitunguu. Alinipa maji nikanywa, akachukua kata yake ya maji, akarudi shambani.